Khaki tupu au khaki yenye nailoni? Kuchagua kifungashio cha karatasi kwa unga, karanga, zabibu na ubuyu wa Dodoma

Mifuko ya khaki ikipangwa kwenye meza ya muuza vifungashio hufanana yote. Rangi ni ileile ya kahawia, mguso ni uleule mkavu, na muuzaji ataiita yote "ya karatasi". Tofauti imo ndani. Chana mmoja polepole. Ukikatika kwa nyuzinyuzi tu, hiyo ni karatasi tupu. Ukiona ngozi laini inayovutika kabla haijakatika, karatasi imepakwa nailoni. Ukiona mng'ao wa fedha, kuna foili ya alumini, na juu ya foili kuna nailoni pia. Ukibaki na shaka, loweka kipande kwenye maji usiku kucha. Asubuhi karatasi itasuguka na kutoka, na utando utakaobaki mkononi ndio usiooza.

Wajasiriamali wengi wanaohama kutoka mfuko wa plastiki kwenda khaki hununua, bila kujua, plastiki iliyovikwa karatasi. Sheria haiwabani kwa hilo, kwa sababu katazo lililoanza Juni 1, 2019 lililenga mifuko ya plastiki ya kubebea, si kila kifungashio cha chakula. Lakini anayetaka kweli kupunguza uchafu lazima ajue ananunua nini. Msimamo wetu ni huu: kifungashio bora kwa mazingira ni kile kinachokilinda chakula mpaka kiliwe, halafu kikatenganishika kwa mikono, karatasi huku na nailoni kule. Ulinzi wa chakula tumeutanguliza makusudi. Mfuko wa nusu kilo una uzito wa gramu 7 hivi. Nusu kilo ya unga ulioingia ukungu imeshakula shamba, mvua ya msimu mzima na dizeli ya mashine ya kusaga.

Bidhaa kwanza, mfuko baadaye

Karatasi tupu hupitisha mvuke wa maji, hewa na mafuta. Kila bidhaa inaumizwa na kimojawapo kuliko vingine, na hapo ndipo pa kuanzia.

Hali ya hewa ya Dodoma huwapotosha wengi. Mvua hunyesha takriban Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki hewa ni kavu sana. Unga wa mtama au uwele uliokaa kwenye khaki tupu Agosti hapa mjini hautapata shida ya unyevu. Mfuko huohuo ukisafirishwa Dar es Salaam au Tanga utanyonya unyevu wa pwani. Hesabu yake ni hii: gramu 500 za unga wenye unyevu wa asilimia 12 zina gramu 440 za kitu kikavu. Unyevu ukifika asilimia 14, mfuko utakuwa na gramu 511 na zaidi kidogo. Yaani gramu 12 tu za maji yasiyoonekana zinatosha kuutoa unga kwenye usalama na kuuweka mlangoni mwa ukungu. Kwa mkoa ulioguswa na mlipuko wa sumukuvu (sumu inayotengenezwa na ukungu) mwaka 2016, hili si jambo la kubahatisha. Ila tuseme wazi: sumukuvu huanzia shambani na ghalani, na hakuna mfuko unaoiondoa ikishaingia. Kazi ya mfuko ni kuzuia unga mzuri usiharibike baadaye.

Zabibu kavu zina tatizo la kinyume. Zinafungwa zikiwa na unyevu, tuseme asilimia 18, na hewa ya Dodoma inauvuta utoke. Pakiti ya gramu 250 ina gramu 205 za kitu kikavu. Zikikauka hadi asilimia 14, pakiti nzima inabaki gramu 238. Mteja anakuta zabibu zilizokakamaa, na mkaguzi wa Wakala wa Vipimo anakuta pungufu ya gramu 12 kwenye lebo iliyoandikwa 250. Kwa hiyo zabibu zinahitaji kizuizi cha mvuke hata kama duka liko mtaa wa pili.

Karanga ni ngumu zaidi kuziamulia. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Kwenye khaki tupu mafuta hutoka na kuchora madoa ndani ya siku chache, na hewa inayoingia huyachachua. Unga wa ubuyu hauna mafuta hayo, lakini hunyonya unyevu haraka na kugandamana kuwa mabonge, na mwanga huufifisha rangi.

Aina tano, ana kwa ana

| Aina | Mvuke | Mafuta | Kuziba | Baada ya kutumika |
|---|---|---|---|---|
| Khaki tupu | Inapitisha | Inapitisha | Gundi au uzi | Mboji, kurejelezwa |
| Karatasi isiyopitisha mafuta | Inapitisha | Inazuia | Gundi, kukunja | Mboji, ikiwa haina kemikali za florini |
| Khaki iliyopakwa nta | Inapunguza, mikunjo huvuja | Inapunguza | Kukunja, kufunga kamba | Nta ya nyuki: mboji. Nta ya parafini (ya petroli): taka |
| Khaki iliyopakwa nailoni | Inazuia | Inazuia | Mashine ya joto | Taka, haitenganishiki kwa urahisi |
| Khaki nje, mfuko mwepesi wa nailoni ndani | Inazuia | Inazuia | Ndani joto, nje gundi | Vinatengana: karatasi huku, nailoni kule |

Khaki tupu ndiyo ya kuanzia kuifikiria kila mara. Inatosha kwa unga wa kuuzwa ndani ya wiki chache mkoani, kwa maharage, choroko, mbegu, na kwa sabuni ya kipande. Kosa la kawaida ni kununua karatasi nzito kupita mahitaji. Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba, na wauzaji huandika GSM. Mfuko bapa wa sentimita 15 kwa 25, ukijumlisha pande mbili na sehemu za kubandikia, hutumia mita za mraba 0.0825. Kwa karatasi ya gramu 80 ni gramu 6.6 za karatasi. Kwa ya gramu 120 ni gramu 9.9. Kwenye mifuko 1,000 umeongeza kilo 3.3 za karatasi bila mteja kufaidika. Gramu 70 hadi 80 zinabeba nusu kilo vizuri. Kwa kilo 5 za unga usikimbilie karatasi moja nene ya gramu 140: mbili za gramu 70, moja ndani ya nyingine, huvumilia kuangushwa kuliko moja nene, kwa sababu zinateleza na kugawana mshtuko badala ya kupasuka kwenye mkunjo.

Karatasi isiyopitisha mafuta hutengenezwa kwa kuzitwanga nyuzi za mti mpaka zishikane bila vitundu. Hakuna plastiki ndani yake. Inafaa kashata, visheti, na karanga za kuuzwa siku mbili tatu. Tahadhari moja ni muhimu: baadhi ya karatasi za aina hii hupata sifa yake kwa kupakwa kemikali zenye florini, ambazo hazivunjiki udongoni wala majini. Muulize muuzaji waziwazi, na akikosa jibu la maandishi, acha.

Nta inavutia, hasa kwa kuwa asali na nta ya nyuki vinapatikana Singida, Manyoni na Kondoa. Lakini nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na huanza kulainika mapema zaidi. Katoni iliyoachwa kwenye gari lililofungwa juani Oktoba itatoka na mifuko iliyonatana. Nta pia hupasuka kwenye mikunjo, na mvuke hupita palepale. Iweke kwa sabuni na peremende. Kwa unga wa safari ndefu haifai.

Khaki iliyopakwa nailoni, ile ya kusimama yenye zipu na dirisha, ndiyo inayouzwa zaidi na ndiyo tunayoipinga zaidi. Inafanya kazi yake vizuri, hilo hatukatai: inaziba kwa joto, inazuia mvuke, inapendeza rafuni. Shida ni kwamba karatasi na nailoni vimebandikwa pamoja, na havitengani bila kulowekwa na kusuguliwa. Kinu cha kawaida cha kurejeleza kinaitupa, kwenye shimo la mboji inaacha vipande vya utando, na ikichomwa uani moshi wa plastiki unaingia nyumbani. Dirisha nalo halitaoza kwa sababu tu limeandikwa "linaoza". Madirisha mengi ya aina hiyo ni ya plastiki ya mahindi, ambayo huhitaji joto la nyuzi 58 hivi kwa wiki kadhaa kwenye mtambo maalumu wa mboji. Shimo la nyuma ya nyumba halifiki huko.

Mfuko ndani ya mfuko ndio chaguo letu kwa zabibu, karanga na ubuyu. Hatutaki kumdanganya mtu: nailoni haipungui sana. Mfuko wa ndani wa sentimita 15 kwa 25 wenye unene wa maikroni 40 (milimita 0.04) una gramu 2.8 za nailoni. Mfuko wa khaki wa ukubwa huohuo uliopakwa gramu 30 kwa mita ya mraba una 2.5. Faida iko kwingine. Mteja anatoa mfuko wa ndani kwa sekunde moja, karatasi inabaki safi, na nailoni iliyo peke yake, isiyo na gundi wala wino, ina mnunuzi kuliko mchanganyiko. Ukitaka kupunguza kweli, shusha unene. Mfuko wa ndani haubebi mzigo, unabebwa na karatasi, kwa hiyo maikroni 25 hadi 30 zinatosha kwa nusu kilo ikiwa bidhaa haina ncha kali.

Kuna gharama ya kazi: unafunga mara mbili. Mfuko wa ndani hushindwa kuziba pale vumbi la unga linapokaa kwenye mdomo. Acha sentimita 4 juu ya bidhaa, jaza kwa faneli pana, futa mdomo kwa kitambaa kikavu, ndipo uzibe. Mashine ikiwa na joto dogo mshono hufunguka ukiuvuta. Ikizidi, nailoni husinyaa na kutoboka pembezoni mwa mshono. Jaribu mifuko mitano mitupu, ijaze hewa, izibe, kisha ibonyeze ndani ya beseni la maji. Mapovu yatakuonyesha.

Foili hatukuiweka kwenye jedwali. Kwa karanga za kukaa miezi sita na kuvuka mipaka haina mpinzani, maana inazuia hewa na mwanga kabisa. Kwa soko la hapa ni kupita kiasi.

Karatasi mpya au iliyorejelezwa

Khaki inayotoka kwenye mbao moja kwa moja, kama ya kiwanda cha Mgololo wilayani Mufindi kinachotumia misindano na mikaratusi, ina nyuzi ndefu na nguvu. Iliyorejelezwa ina nyuzi fupi, kwa sababu kila mzunguko huzikata, na baada ya mizunguko mitano hadi saba hazishikani tena. Ili kufikia nguvu ileile utahitaji karatasi nzito zaidi.

Kanuni yetu ni nyepesi: kinachogusa chakula kiwe karatasi mpya, kinachobaki nje kiwe cha kurejelezwa. Sababu ni wino na mafuta ya madini yanayobaki kwenye karatasi iliyorejelezwa, ambayo huhamia kwenye chakula, na vyakula vya mafuta kama karanga huyavuta zaidi. Kwa sababu hiyohiyo, karatasi za ofisini na magazeti, ambazo Dodoma ni tele, zisifungie karanga wala maandazi. Kuzitumia tena ni wazo zuri, lakini mahali pake ni kujazia nafasi kwenye maboksi.

Boksi la safari

Hapa ndipo karatasi nyingi hupotea, na hapa ndipo pa kuokoa zaidi. Boksi la tabaka 3 lina wimbi moja katikati ya karatasi mbili. La tabaka 5 lina mawimbi mawili. Wengi huagiza tabaka 5 "kwa usalama". Uliza kwanza: bidhaa inajibeba au haijibebi?

Chupa za mvinyo zinajibeba. Chupa ya mililita 750 iliyojaa ina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.3, sita ni kama kilo 7.5, na kioo ndicho kinachopokea mzigo wa juu. Tabaka 3 na vigawanyio vya karatasi vinatosha kwa sita. Kwa 12, ambazo hufika kilo 15, kitako ndicho huachia, kwa hiyo hapo tabaka 5 lina haki yake. Mifuko ya unga na zabibu haijibebi; boksi lenyewe linabeba. Boksi la kilo 8 likiwa chini ya mengine matano linabeba kilo 40. Kwa safari na siku za ghalani, agiza lenye uwezo wa kilo 120 hadi 200, yaani mara tatu hadi tano. Mwambie mtengenezaji namba hiyo badala ya kumwambia "gumu".

Kinachoangusha maboksi mara nyingi si wepesi wake. Kosa la kwanza ni mawimbi kulazwa badala ya kusimama, kwa sababu fundi alikata kufuata nafasi ya shiti. Kagua: ukitazama ukingo wa juu wa ukuta wa boksi, uone matundu ya mawimbi. Kosa jingine ni kupanga kama matofali, moja likikalia nusu ya lingine. Nguvu ya boksi iko kwenye pembe zake, na mpango huo unaweza kulipotezea karibu nusu ya nguvu. Panga pembe juu ya pembe, kisha funga kamba. La tatu ni unyevu: boksi lililolazwa sakafuni msimu wa mvua, au lililokaa ghala la pwani, linaweza kubaki na nusu ya uwezo wake. Mbao chache chini yake ni nafuu kuliko tabaka mbili za ziada.

Umbo nalo linakula karatasi. Kwa boksi la kawaida lenye vifuniko vinne juu na vinne chini, uwiano unaotumia karatasi kidogo ni urefu 2, upana 1, kimo 2, kwa kuwa vifuniko hupishana na upana mkubwa huvifanya virefu. Boksi la lita 12 lenye pande sawa hula sentimita za mraba 4,193. La uwiano huo hula 3,744. Ni punguzo la karibu asilimia 11 kwa kubadilisha vipimo tu. Kwa zabibu mbichi usifuate hili, maana zinahitaji boksi fupi zisigandamizane, na matundu ya hewa yasiyozidi kama asilimia 5 ya ukuta, mbali na pembe.

Gundi, wino, utepe

Mfuko mzuri huharibiwa na vitu vidogo. Selotepu ya plastiki, stika ya plastiki na pini za stepla huondoa thamani ya karatasi kwa anayeirejeleza, na pini kwenye chakula ni hatari. Boksi lifungwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi ya kulowesha. Mfuko wa unga ukunjwe mara mbili na kushonwa kwa uzi wa pamba.

Kwa mifuko ya kutengeneza mwenyewe, wanga wa muhogo unatosha. Koroga gramu 100 za wanga kwenye mililita 200 za maji baridi, mimina kwenye mililita 600 za maji ya moto yaliyo jikoni, koroga mpaka weupe ugeuke kuwa wa kupenyesha mwanga, kisha epua. Ipoze, itumie siku hiyo au kesho yake. Ikianza kuchachuka, mwaga. Ikiwa majimaji, karatasi inakunyata na mshono unaachia. Upepo wa Julai hukausha gundi kabla hujabana, kwa hiyo paka mfuko mmoja mmoja, bana, weka uzito juu yake nusu saa. Hifadhi mifuko mbali na mende na panya, maana wanaipenda gundi hiyo kama chakula.

Wino uwe wa maji na uwe mchache. Rangi moja nyeusi kwenye khaki inasomeka vizuri, na lebo inabaki na nafasi ya jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, mzalishaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda. Kufunika mfuko mzima kwa rangi ni gharama na ni wino zaidi wa kuondolewa kinuni.

Unaishia wapi

Maboksi yana soko: wakusanyaji huyanunua kwa kilo, mradi yawe makavu na yasiwe na mafuta. Mifuko midogo haina bahati hiyo; mingi huchomwa, hupeperushwa, au huishia dampo la Chidaya. Khaki tupu haiozi haraka kwenye vumbi kavu kama watu wanavyodhani, kwa sababu vijidudu vinahitaji maji. Ikichanwa vipande na kuchanganywa na samadi yenye unyevu huoza vizuri. Ikitupwa jalalani Mei huenda ukaikuta ingali nzima Novemba. Na kabla ya hapo mbuzi wanaweza kuifikia. Karatasi wanaitafuna na kuimeng'enya. Nailoni iliyobandikwa kwenye karatasi yenye harufu ya karanga wanaimeza vilevile, na inabaki tumboni. Kwa wafugaji wa mkoa huu hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kutenganisha.

Kabla ya kuagiza maelfu, chukua mifuko 20 ya kila aina unayoifikiria. Jaza bidhaa yako halisi, pima kwa mizani inayosoma nusu gramu au pungufu, andika uzito kwenye kila mfuko. Nusu iweke rafuni, nusu ndani ya ndoo iliyofunikwa yenye bakuli la maji chini. Pima kila siku kwa siku 14. Kwa unga wa gramu 500, mfuko ulioongezeka gramu 12 umeshindwa. Kwa zabibu za rafuni, angalia uzito unaoshuka. Kwa karanga, weka mfuko juu ya karatasi nyeupe juani na utafute doa. Ukijaribu Agosti, rudia Januari mvua zikiwa zimeshika.